Tamthilia fupi za waandishi wa sasa kwa kikundi cha watu sita

Swali la msomaji: "Sisi ni kikundi cha waigizaji sita wa kujitolea, wanawake wanne na wanaume wawili. Mwaka jana tuliigiza tamthilia moja ndefu, ikatuchosha sisi na watazamaji. Safari hii tunataka jioni moja ya tamthilia fupi za waandishi wa sasa, zote pamoja na mapumziko zisizidi dakika 90. Ukumbi hauna pazia, na taa zake ni za kuwasha na kuzima tu. Tungependa kuigiza kwa Kiswahili. Tuchague zipi, na tuzipange vipi?"

Ndugu msomaji, ahsante kwa kutaja idadi, jinsia, muda na hali ya ukumbi kwa mkupuo mmoja. Mtu anayeuliza tu "tamthilia nzuri ni ipi?" hajibiki, kwa sababu tamthilia fupi haichaguliwi kwa sifa ya mwandishi. Tamthilia ndefu inaweza kuyumba katika onyesho la pili na kujikomboa katika la tano. Fupi haina nafasi hiyo. Mara nyingi imesimama juu ya hila moja ya jukwaani, kwa mfano kengele inayorudisha mazungumzo nyuma, rundo la majivu, au kinyozi asiyesema. Hila hiyo ikishindikana, dakika zote 12 zimepotea. Kwa hiyo kabla ya kuipenda hadithi, itafute hila, kisha jiulize kama watu wenu na ukumbi wenu vinaimudu. Mapendekezo yangu yote hapa chini nimeyapima kwa kipimo hicho.

Anzeni na Sure Thing ya David Ives, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1950. Iliigizwa kwanza mwaka 1988 na imo katika mkusanyiko wake uitwao All in the Timing. Wahusika ni wawili, Bill na Betty. Vifaa ni meza moja, viti viwili na kitabu. Muda ni kati ya dakika 12 na 15. Betty amekaa mgahawani akisoma, Bill anakuja kuuliza kama kiti cha pili kina mwenyewe. Kila mmoja wao anapotamka neno la kuharibu, kengele inalia, na mazungumzo yanarudi nyuma kidogo na kuanza upya kwa jibu jingine, hadi wafike mahali ambapo wawili hawa wanaweza kupendana.

Vikundi vingi vinaiharibu, na karibu vyote kwa namna moja: mwigizaji anaisikia kengele. Anashtuka, anatabasamu, anamtazama mwenzake, ndipo anaendelea. Mhusika hajui kama kengele ipo. Kwake yeye kauli iliyopita haikupata kusemwa. Mlio unapokata, neno linalofuata litoke papo hapo, na mwili uwe umesharudi mahali ulipokuwa kabla ya kosa. Msitumie mlio uliorekodiwa. Anayebonyeza kitufe huchelewa kidogo kila mara, na ucheleweshaji huo mdogo unazima kicheko. Tumieni kengele halisi ya mkononi au ya mezani, ipigwe na mtu anayewaona waigizaji, aliyehudhuria mazoezi yote, si aliyeletwa siku ya onyesho.

Hatari ya pili ni kumbukumbu. Kwa kuwa maneno yaleyale yanajirudia, ni rahisi mwigizaji kuruka kurasa mbili mbele, au kurudi nyuma na kuzunguka palepale bila kujua. Dawa yake ni kuhesabu kengele zote kwenye skripti na kuandika namba kando ya kila moja, kisha kukariri neno la kwanza baada ya kila namba. Fanyeni zoezi la mpiga kengele kutaja namba yoyote, nao waanzie hapo. Wakiweza kufanya hivyo bila kusita, tamthilia imeiva. Ina utani wa vyuo na waandishi wa Marekani ambao baadhi hautafika kwa watazamaji wenu. Nitarudi kwenye hilo katika suala la ruhusa.

Ya pili iwe Poof! ya Lynn Nottage. Huyu ni mwandishi aliyepata Tuzo ya Pulitzer ya tamthilia mara mbili, mwaka 2009 kwa Ruined, inayotendeka Kongo, na mwaka 2017 kwa Sweat. Poof! ni kazi yake ya awali, iliyoigizwa mwaka 1993 katika ukumbi wa Actors Theatre of Louisville, Marekani, ambao ulichangia sana kuupa nguvu mtindo wa tamthilia za dakika 10. Mume mkali anamfokea mkewe gizani. Mke, Loureen, anamlaani kwa neno la hasira la kila siku, mwanga unamulika, na mume amegeuka rundo la majivu jikoni. Anamwita jirani na rafiki yake, Florence, ambaye naye ana mume wa aina hiyohiyo. Wanawake wawili wanalitazama rundo wakijiuliza la kufanya. Inawafaa wanawake wenu, na mwanamume mmoja anatoa sauti tu mwanzoni. Wekeni dakika 12.

Ni kichekesho, na hapo ndipo inapoteleza. Kwa sababu inahusu mwanamke anayepigwa, waigizaji huanza kwa kilio na sauti ya msiba, wakabaki hapohapo hadi mwisho. Loureen halii. Yuko katikati ya hofu na nafuu ambayo anaona haya kuikiri, na watazamaji wanacheka kwa sababu wanaiona nafuu ile inavyojitokeza kidogo kidogo. Mkiigiza kwa uzito wa mtu anayejaribu kufikiri haraka, uchungu utafika wenyewe bila kusukumwa.

Kuhusu majivu, msitumie majivu halisi. Yanaruka machoni na kifuani, na sakafu inateleza. Chaneni karatasi nyembamba, zitieni rangi ya kijivu, zikaushwe kabisa, kisha nyunyizeni konzi moja ya unga juu ili papatikane vumbi kidogo likiguswa. Ndoo moja ya lita 10 iliyojaa inatosha kuonekana hadi safu ya mwisho. Rundo liwekwe mapema nyuma ya meza na kufunikwa kitambaa cheusi. Mmesema taa ni za kuwasha na kuzima: zimeni zote, sauti za mume na mke zisikike gizani, Loureen aondoe kitambaa, na mtu mmoja aliyejificha pembeni awashe tochi kali kuelekea dari kwa nusu sekunde kabla ya taa kuwaka. Onyesho likiwa la mchana na giza halipatikani, ugomvi ufanyike nje ya mlango watazamaji wakiusikia, kisha Loureen aingie peke yake na kukuta rundo. Mshtuko unapungua kidogo, lakini hadithi haipotei.

Ya tatu ni ya wanaume wenu wawili, nayo inatoka Ajentina: Decir sí ya Griselda Gambaro, ambayo kwa Kiingereza imetoka kwa jina Saying Yes. Iliigizwa mwaka 1981 katika Teatro Abierto, tamasha la tamthilia fupi ambalo waandishi na waigizaji wa Buenos Aires waliliandaa wakati nchi iko chini ya utawala wa kijeshi. Ilipangwa michezo mitatu kila jioni kwa juma zima. Baada ya juma la kwanza ukumbi wao, Picadero, ukachomwa moto, nao wakahamia ukumbi mwingine na kuendelea. Nalitaja hili kwa sababu ndani ya tamthilia yenyewe hakuna serikali wala askari anayetajwa. Kuna kinyozi, mteja na kiti.

Mteja anaingia kunyolewa. Kinyozi hasemi, anamtazama tu. Mteja, kwa kuogopa kumuudhi, anakubali jambo dogo, kisha jingine, akajikuta yeye ndiye anayefanya kazi ya kinyozi, hadi kumnyoa kinyozi mwenyewe. Mwisho ni wa damu. Muda ni yapata dakika 15 hadi 18.

Anayemcheza kinyozi apewe onyo mapema: asiigize ukimya. Mwigizaji mwenye kauli chache hutaka kujaza nafasi kwa kukunja uso, kuguna, kutembea huku na huku. Nguvu ya huyu mtu ni kwamba hajali. Akae, asogee pale tu maandishi yanaposema, na macho yake yamfuate mteja bila haraka. Mteja naye asiwe mpumbavu. Kila "ndiyo" yake iwe na sababu ambayo mtazamaji angeikubali kama angekuwa yeye. Mteja akionekana bozi tangu mwanzo, watu watamcheka dakika tano, halafu watachoka.

Wembe uwe usio na makali kabisa, uliochongwa kwa mbao au plastiki na kupakwa rangi ya fedha, na mkasi uwe wa ncha za mviringo. Vifaa vyote viwili vikaguliwe na mtu mmoja aliyeteuliwa, kila siku, kabla ya mazoezi na kabla ya onyesho, kwa sababu kosa la kawaida ni mtu kuleta wembe wa nyumbani "wa mazoezi tu". Damu msiitafute. Kwenye taa zenu damu ya bandia itaonekana kama rangi, na kuisafisha kutakula dakika za mchezo unaofuata. Kinyozi awape watazamaji mgongo wakati wa tendo lenyewe, na taa izimwe.

Hapo mapumziko. Baada ya kufunga na kifo cha kinyozini, nusu ya pili ianze kwa sauti moja. Talking With... ya Jane Martin ni mkusanyiko wa mazungumzo 11 ya mtu mmoja mmoja, yote ya wanawake, ulioigizwa huko huko Louisville mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jane Martin ni jina la kujificha, na mwenye jina hajapata kujitokeza hadharani (wengi humtuhumu Jon Jory, aliyeongoza ukumbi ule kwa miaka mingi). Katika hayo 11 nachagua Clear Glass Marbles. Binti anaeleza jinsi mama yake, alipoambiwa amebakiza miezi mitatu ya kuishi, alivyonunua gololi 90 za kioo, moja kwa kila siku. Muda hauzidi dakika 8.

Sababu ya kulichagua ni kwamba gololi zinampa mwigizaji kazi ya mikono. Asiye na uzoefu, ukimsimamisha peke yake kwa dakika 8, huanza kuimba maneno. Kauli zote zinapanda na kushuka kwa mkondo uleule. Kitu cha kushika kinamlazimisha kusita mahali pa kweli. Lakini gololi hazina adabu. Zinabingirika hadi miguuni mwa watazamaji, na usiku ule ule watu sita watapita juu ya sakafu hiyo. Tandikeni zulia nene lenye ukubwa wa meta 2 kwa 2 angalau, na chini ya ukingo wake wa mbele pitisheni kamba nene ili upande huo uinuke kidogo. Zihesabiwe kabla na baada ya onyesho. Ikikosekana moja, mchezo unaofuata usianze hadi ipatikane. Na gololi zikigonga zulia hazilii, kwa hiyo kama mwongozaji anataka mlio, wekeni bakuli la bati ndani ya eneo la zulia.

Ya kufunga iwe Women of Troy ya Mark Ravenhill, Mwingereza. Imo katika mfululizo wake Shoot/Get Treasure/Repeat, ambao kila kipande chake ni cha yapata dakika 20 na kina jina lililoazimwa kutoka kazi maarufu. Vipande hivyo vilianza Edinburgh mwaka 2007, kimoja kila asubuhi, chini ya jina Ravenhill for Breakfast. Katika hiki, kundi la wanawake linauliza: kwa nini mnatupiga mabomu ilhali sisi ni watu wema? Wanaorodhesha wema wao, na kadiri wanavyouorodhesha ndivyo unavyozidi kutia shaka. Wanaume nao wana nafasi kuelekea mwisho, kwa hiyo kikundi kizima kinakuwa jukwaani kabla ya kuagana na watazamaji.

Kauli za kundi hazina majina ya wasemaji, ni vistari tu. Hii ni zawadi na ni mtego. Vikundi vingi hugawa kwa zamu: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, tena wa kwanza. Baada ya dakika tatu mtazamaji ameshajua nani anafuata, na masikio yake yanalala. Gaweni kwa wazo: mwanamke mmoja abebe wazo lake kwa kauli tatu au nne mfululizo, mwenzake amkatize pale wazo linapogeuka, na wawili au watatu wasukumane juu ya orodha. Kusema wote kwa pamoja kuwe kwa nadra, pengine mara nne au tano katika mchezo mzima, la sivyo itasikika kama ngonjera ya sherehe. Na kila mmoja wa wanawake wanne aamue yeye ni nani: mwenye kazi gani, watoto wangapi, anaogopa nini. Maandishi hayasemi, lakini kundi la watu wasiojulikana kwao wenyewe linageuka ukuta.

Sasa hesabu. Sure Thing 13, Poof! 12, Decir sí 18, mapumziko 15, Clear Glass Marbles 8, Women of Troy 20. Jumla 86. Zimebaki dakika 4 za kubadilisha jukwaa, na hizo ni chache kuliko zinavyoonekana. Kutoka mgahawani hadi jikoni msiondoe kitu: meza ni ileile, ongezeni sufuria na kitambaa juu ya rundo. Kutoka jikoni hadi kinyozini ndiko kuna kazi, kwa sababu ya majivu. Rundo likae juu ya shuka tangu mwanzo, watu wawili wakunje pembe nne na kutoka nalo, wa tatu apige ufagio. Fanyeni mazoezi ya mabadiliko hayo kwa saa mkononi kama mnavyofanya mazoezi ya kauli, kila mtu akijua anabeba nini na anatokea upande gani, hadi yachukue sekunde 40. Bila pazia, watazamaji watawaona mkifanya. Si vibaya, mradi msinong'one wala kukimbia.

Mkigundua kuwa mabadiliko yanazidi muda, wekeni kipande cha Suzan-Lori Parks mbele ya jukwaa wakati wengine wakibeba vitu nyuma. Kuanzia tarehe 13 Novemba 2002 aliandika tamthilia moja kila siku kwa mwaka mmoja, na zote zilitoka kwa jina 365 Days/365 Plays. Nyingi hazizidi ukurasa mmoja au miwili. Ya kwanza kabisa, Start Here, ni ya Arjuna na Krishna, wahusika wa utenzi wa kale wa Kihindi, mmoja akimhimiza mwenzake aanze safari. Soma nyingi kabla ya kuchagua, maana baadhi zina maelekezo ya jukwaani ambayo hata ukumbi tajiri ungekuna kichwa.

Mgawanyo wa watu: mwanamume wa kwanza acheze Bill na kinyozi, kwa kuwa kinyozi hana mengi ya kukariri. Wa pili atoe sauti ya mume katika Poof! na kumcheza mteja. Mwanamke wa kwanza awe Betty, wa pili Loureen, wa tatu Florence, wa nne mwenye gololi, na wote wanne wawe kundi la mwisho. Wanaobadili haraka ni wawili tu: mwanamke wa nne, anayetoka kwenye gololi na kuingia kundi la mwisho, na mwanamume wa kwanza kati ya Bill na kinyozi, ambaye ana dakika 12 za Poof! kujiandaa.

Kuna nilizoziacha kwa makusudi. Love and Information ya Caryl Churchill (2012) huvutia vikundi vichanga kwa sababu imeundwa na vipande zaidi ya 50, vingine vya sekunde chache. Wanaona ufupi, hawaoni kuwa kila kipande kinahitaji mahali pengine na watu wengine. Kwenye taa za kuwasha na kuzima mtatumia muda mwingi gizani kuliko kwenye mwanga. Seven Jewish Children yake (2009) ni ya dakika 10, haina idadi maalumu ya waigizaji, na mwandishi aliruhusu iigizwe bila malipo kwa sharti kwamba mchango ukusanywe mwishoni kwa ajili ya shirika la Medical Aid for Palestinians. Ni kazi nzito iliyozua mabishano makali tangu siku ya kwanza, wengine wakiishutumu kuwa inawachukia Wayahudi. Ikiwa mnaitaka, iwe jioni yake peke yake na muda wa majadiliano. Kuibana katikati ya vichekesho kunaionea. A Talk in the Park, kipande cha mwisho cha Confusions ya Alan Ayckbourn (1974), kingewafaa kwa hila yake, watu watano kwenye mabenchi ya bustani, kila mmoja akimchosha jirani yake kwa shida zake na hakuna anayesikiliza. Ila kinataka wanaume watatu na wanawake wawili. Nyinyi mmegeuza hesabu, na kubadili jinsia bila idhini hairuhusiwi.

Hapo tumefika kwenye ruhusa, ambako jioni nyingi hufia kabla ya mazoezi. Waandishi wa sasa maana yake ni kazi zenye mwenyewe. Mkataba wa Berne, wa kimataifa kuhusu hakimiliki, unalinda kazi kwa maisha yote ya mwandishi na si chini ya miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimeongeza hadi 70. Kununua kitabu hakuwapi haki ya kuigiza. Kiingilio kuwa bure hakuondoi ada. Tena kuigiza ni haki moja, kutafsiri ni nyingine, na kurekodi ili kuweka mtandaoni ni ya tatu. Mkiomba ya kwanza pekee, kisha mkatafsiri, mmevunja mkataba hata kama mmelipa.

Kurasa za mwanzo za kila kitabu cha tamthilia huandika nani anatoa ruhusa, wakala au mchapishaji. Waandikieni miezi mitatu hadi minne kabla ya onyesho, barua moja kwa kila tamthilia. Tajeni jina la tamthilia na mwandishi, na kwa zilizomo kwenye mkusanyiko, jina la mkusanyiko pia. Hili ni la lazima kwa Ravenhill, maana Women of Troy ni jina la tamthilia ya kale ya Kigiriki vilevile, na ofisi inaweza kuwajibu kuhusu kitu kingine. Semeni kwamba ni kipande kimoja tu mnachotaka, si mfululizo mzima. Endeleeni na tarehe, idadi ya maonyesho, idadi ya viti, kiingilio, kwamba ni kikundi cha kujitolea, lugha mtakayotumia na nani atatafsiri. Kisha mabadiliko mnayoomba, moja moja: "katika Sure Thing tunaomba kubadili majina ya vyuo vitatu." Ombi dogo lililotajwa wazi hupata jibu. Ombi la "kuirekebisha kwa mazingira yetu" hukataliwa, kwa sababu hakuna anayejua mtaishia wapi. Kwa Decir sí ulizeni mapema kuliko nyingine zote, kwani aliyeandika kwa Kihispania na aliyetafsiri kwa Kiingereza wanaweza kuwa na haki tofauti, nanyi mkitafsiri kutoka Kiingereza mtahitaji idhini pande zote mbili.

Tafsiri ikamilike kabla ya mazoezi kuanza, na isomwe kwa sauti na watu wawili wasioijua, kwa saa. Kauli ya Kiingereza ya maneno manne mafupi huweza kuwa na silabi mara mbili kwa Kiswahili, na Sure Thing iliyokuwa dakika 13 ikafika 16. Dawa si kuongea haraka. Punguzeni maneno ndani ya kauli, si kauli zenyewe, kwa sababu idadi ya kauli kati ya kengele na kengele ndiyo mdundo wa mchezo.

Kwa mazoezi, wachanga wahesabu saa moja kwa kila dakika ya jukwaani, na Sure Thing iongezewe nusu yake. Kundi la Women of Troy lianze kwanza, maana sauti za watu wanne huchukua muda kuzoeana. Wiki mbili za mwisho pitisheni jioni nzima bila kusimama angalau mara tatu, pamoja na mabadiliko, pamoja na mapumziko ya kweli ya dakika 15, ili mjue nusu ya pili inavyowapata mkiwa mmechoka.

Moja ikikataliwa, msibadilishe mpangilio wote. Badala ya Decir sí kuna Ladies and Gentlemen, the Rain ya Will Eno, iliyomo katika Oh, the Humanity: mwanamume na mwanamke, kila mmoja kivyake, wakijirekodi video ya kutafuta mchumba, wakitazama mbele tu bila kuongea wao kwa wao. Inataka viti viwili na haina hatari yoyote mkononi. Badala ya Clear Glass Marbles, mwanamke wa nne anaweza kuchukua Jogoo Kijijini ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1976 pamoja na Ngao ya Jadi. Ni miongoni mwa za zamani hapa, lakini imeandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, imejengwa juu ya msimulizi mmoja, na inawaondolea suala zima la tafsiri. Isomeni kwa saa kwanza, kwani ni ndefu kuliko gololi, na dakika zitakazozidi itabidi zikatwe kwenye mapumziko.